Mgeni Mweusi wa Kingsbury

Jikoni kwetu Kingsbury, sikukuu ya Pasaka ilinukia mkate wa magadi aliouoka Nyanya Nora, mama yake baba, aliyekuja kutoka Ayalandi kukaa nasi likizo nzima. Kando yake mama, Mtaita wa Voi, aliponda kimanga cha mihogo na maharage, na Nyanya akakitia siagi bila kuomba ruhusa. Mvuke ulifunika madirisha hata nyumba za jirani zisionekane. Ingekuwa furaha tupu, ila mimi, Wakesho Doyle, nilikuwa nimekwisha kuamua kuliacha jina la baba.

Kisa kilitokea shuleni kabla ya likizo. Mwalimu mgeni aliita, “Doyle!” Nikanyoosha mkono. Akanitazama, kisha akaangaza macho nyuma yangu, akimtafuta mtoto mwingine. “Namwita Doyle,” akarudia. Darasa likaangua kicheko. Tangu siku hiyo jina lilinibana kama kiatu cha kuazima. Nilipomwambia mama kwamba nataka kuitwa kwa jina la babu wa Voi, aliendelea kuponda. Baba aliinuka akatoka kwenda bustanini, na nikajua nimemuumiza.

Nyanya alijifuta unga mikononi akanivuta karibu. “Unajua maana ya Doyle?” Nikatikisa kichwa. Akanieleza kwamba zamani sana, zaidi ya miaka elfu, watu wa kaskazini walifika Ayalandi kwa merikebu. Wenyeji waliwaita *dubh gall*: *dubh* ni mweusi, *gall* ni mgeni. Wengine husema ni kwa nywele zao, wengine kwa silaha zao. Hakuna ajuaye kwa hakika. Walikuja kwa vita, wakabaki kwa ndoa, na wajukuu wao ndio akina Doyle. “Mgeni mweusi,” alisema, akinishika mashavu. “Katika ukoo mzima, mtoto wangu, ni wewe peke yako uliyefanana na jina.”

Mama alicheka hata akashikilia sinki. Akamwita baba arudi ndani asikie, na baba akaingia, jua la Aprili limemchoma uso wote. “Kumbe mgeni mweusi ndiye huyu,” mama akasema kwa Kiswahili, “mwekundu kama nyanya!” Nyanya Nora, aliyelijua neno hilo moja tu la Kiswahili, akaitika kwa haraka, “Nipo hapa!” Tulicheka mpaka kimanga kikapoa. Kisha mama akasema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone,” na baba akanibeba begani kama mtoto mdogo. Shule ilipofunguliwa nilisimama mbele ya darasa nikasimulia habari za merikebu. Mwalimu yule alisikiliza hadi mwisho, akasema, “Ahsante, Doyle,” akinitazama mimi.

Leo mimi ni muuguzi huko Croydon, na wagonjwa bado huniuliza jina hilo nililipataje. Zamani swali hilo lilinichoma. Sasa huvuta kiti nikakaa, nikawasimulia habari za merikebu. Lakini binti yangu, niliyempa jina lilelile, amenipita. Kiswahili anakielewa, ila hujibu kwa Kiingereza. Juzi kocha mpya wa mpira alimwuliza kama kweli yeye ni Doyle. Nikiwa kando ya uwanja, nilianza kusogea nikamweleze historia yote. Binti yangu hakungoja. “Ndiyo, ni mimi,” akajibu. “Nicheze namba ngapi?”