Mgonga Matangi

Jiji humrudishia nusu ya gharama kila anayefunga tangi la maji ya mvua, na mkaguzi hupita kuhakikisha. Hana maneno mengi. Hugonga tangi kwa kifundo cha kidole, chini kwenda juu, ametega sikio kama daktari, kisha huchora alama ya chaki. Leo, kwa bibi mmoja, tangi lililia tupu, na mvua imenyesha wiki nzima. Chaki yake ya jana ilikuwa bado ubavuni.

“Shikamoo, bibi. Tangi hili na mimi tulisalimiana jana kwa jirani yako.”

Bibi akainamisha uso.

“Wewe mwenyewe unakinga maji kwa chombo gani?”

Akaonyeshwa ndoo chini ya paa, zimejaa pomoni. Akachuchumaa, akazigonga moja moja, ametega sikio vilevile. Kisha akatoa chaki.