Sungura Aliyekataa Uji

Ting! Ndivyo gego bovu la sungura wangu lilivyolia lilipoanguka ndani ya sahani ya bati. Lilikuwa dogo kama punje ya mchele. Veterineri, ambaye ni tonton wangu, yaani mjomba, akapangusa koleo lake, akanirudishia mgonjwa wangu amelegea kwa dawa ya usingizi, pamoja na seringi isiyo na sindano.

"Umupe uji ya majani, kidogo kidogo, muchana na usiku," akaniambia. "Akikaa bila kula, tumbo itasimama, atakufa. Siku atatafuna mwenyewe, amepona."

Ukimsikiliza utadhani ni kazi rahisi.

Papa alikuwa amekwisha kusema neno lake. Kwetu Bukavu sungura ni nyama, na katika avenue yetu nzima ni mimi tu niliyekuwa na sungura wa kubembeleza. "Nitamungojea mpaka Jumapili," alisema. "Kama hatafuni, aingie mu sufuria mbele ya kukonda."

Basi nikatwanga majani ya viazi vitamu mpaka yakalainika kabisa. Nikamfunga sungura ndani ya kitenge, kichwa tu nje, nikamsukumia uji pembeni mwa mdomo. Akaupokea kwa adabu, akanitazama, kisha akautema wote kwenye blauzi yangu. Tukaanza tena. Akatema tena. Uji uliingia masikioni mwake, puani mwangu, kila mahali isipokuwa tumboni. Mimi niliyekuwa naota kufungua atelier ya kushona yenye picha ya sungura mlangoni, siku ile ningechora mbuzi.

Ijumaa nilienda kuchota maji. Kurudi, nakuta uji umekuwa mwekundu, na ndevu za sungura nyekundu.

"Koko, umefanya nini?"

"Nimetia mawese na chumvi," bibi yangu akajibu bila wasiwasi. "Mugonjwa gani atakula kile kitu? Hata weye haungekula."

"Koko, ni sungura!"

"Na sungura haina ulimi?"

Nikamwaga, nikatwanga upya, nikipiga kinu kana kwamba ndicho kilichonikosea.

Jumamosi ikawa salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, na kukosa ni kujitafutia matata. Nimwachie Koko sungura? Angetia na pilipili. Nikambeba mgongoni kwa kitenge kama mtoto, panga mkononi, seringi mfukoni.

Wamama hawakunionea huruma.

"Ee, umezaa lini? Hata mimba hatukuiona!"

"Masikio ni ya baba yake!"

"Umunyonyeshe basi, maman, mutoto iko na njaa!"

Nilicheka nao, lakini ndani nilikuwa nachemka. Kiongozi wa salongo akaja kwa haraka, akaniita mwananchi kwa Kifaransa chake. "Sitwayeni, unachezea kazi ya serikali?"

"Hapana, papa. Mutoto iko mugonjwa."

Akachungulia, akaona pua inatetemeka, akaondoka akitikisa kichwa.

Tulifyeka majani ya kando ya barabara mpaka kiuno kikaniuma. Nilipoinama kuyakusanya, kitenge kikalegea na bwana yule akateleza, akaangukia kwenye rundo. Nikaruka kumkamata. Hakukimbia. Alivuta jani moja jembamba, akaligeuza upande usio na kidonda, akatafuna. Akavuta lingine.

Yaani! Kutwanga kote kule, blauzi zangu zote, kumbe mheshimiwa alitaka takataka za salongo!

Nilimpeleka nyumbani mbio na konzi ya majani yale. Papa akamtazama akitafuna mpaka konzi ikaisha. "Bon," akasema, "tutakula maharagi," akarudi kwenye redio yake.

Lakini kesho sungura angekula nini? Nilijua rundo lile litachomwa. Nilipofika barabarani watu walikuwa wameshaondoka, na upande mmoja moshi ulikuwa umeanza. Nikatandika kitenge chini, nikaanza kuchomoa majani mabichi upande wa pili, nikipuliza vumbi kwenye kila fungu kabla ya kuliweka.