Kirikuu la Enesi na Yadi ya Mpemba

Watu wa Ihanda wakitaka kupikiwa harusini au msibani humwita Enesi. Ana masufuria makubwa, sahani za kutosha watu mia nne na majiko matatu ya chuma. Kwa miaka yote niliyomfahamu, kupika hakujawahi kumshinda. Kilichomsumbua ni kubeba.

Mwaka jana alikodi gari kupeleka chakula kwenye harusi moja Mlowo. Wakiwa njiani, dereva akapigiwa simu na mteja mwingine mwenye mzigo wa kwenda mpakani. Akashusha masufuria kando ya barabara, pilau ikiwa ndani, akageuza gari. Enesi alisimama pale na wasaidizi wake wawili mpaka wakapata bajaji mbili za kuwasaidia. Chakula kilifika ukumbini wageni wameshaanza kuondoka. Mama wa bwana harusi hajamsemesha hadi leo. Ndipo Enesi alipomwambia mumewe, Rubeni, kwamba atanunua gari lake mwenyewe.

Tangazo aliliona stendi ya Vwawa. Dalali mmoja binafsi mwenye yadi kule Mpemba, karibu na Tunduma, alikuwa anauza kwa mnada magari yaliyokamatwa yakibeba magendo, ambayo wenyewe hawakurudi kuyakomboa. Jumanne ilikuwa siku ya kuyakagua. Enesi akaenda na Shadrack, mtoto wa kaka yake, ambaye ni fundi wa magari.

Walichagua kirikuu moja jeupe, lile gari dogo la kubebea mizigo. Shadrack aliinua kiti, maana injini yake iko chini ya kiti, akaangalia kila waya, kisha akalala chini ya gari kwa muda mrefu. Betri ilikuwa mpya. Matairi hayajalika. Tairi la akiba lipo, jeki ipo. Alipowasha, injini iliitikia mara moja. Enesi akarekodi yote kwa simu, kwa sababu Rubeni alibaki nyumbani akianika kahawa, na alikuwa amesema hawezi kukubali gari asilolitia machoni.

Jumamosi mnada ukafanyika. Wanunuzi karibu wote walikuwa wanaume wa mjini Tunduma wanaojuana. Mmoja akamuuliza kama anataka gari la kubebea kuni. Enesi alinyoosha mkono, akaunyoosha tena, mpaka wenzake wakachoka na dalali akagonga meza. Fedha ya kahawa ya msimu mzima ikaishia pale, na hakuijutia.

Alhamisi alirudi na Shadrack, risiti ya benki mkononi, kuchukua gari. Msimamizi wa yadi, kijana anayeitwa Gibson, akampa ufunguo na fomu ya kusaini.

Enesi alilitambua kirikuu kwa namba tu. Matairi yote manne yalikuwa vipara. Mahali pa betri palikuwa na nyaya mbili zinaning'inia. Tairi la akiba halipo, jeki haipo. Shadrack akaingia chini, akatoka anafuta mikono kwenye suruali.

"Shangazi, hata starta wameifungua."

Enesi akaenda kwa Gibson, fomu mkononi.

"Vitu vya gari langu viko wapi?"

"Mama, gari limeuzwa kama lilivyo. Imeandikwa hapo, soma."

"Nimesoma. Lilivyo ni lilivyokuwa Jumanne nilipolikagua."

"Sisi hatujui Jumanne lilikuwaje. Wewe saini ulichukue. Likilala hapa kuanzia leo, utalipia maegesho."

Aliponisimulia, Enesi alisema matairi yalimuuma, lakini kilichomchoma zaidi ni ile sauti ya Gibson. Alikuwa akimsemesha taratibu, kama mtoto aliyekataa uji. Na alikuwa ameshaelewa kitu kingine. Gari lile lilikamatwa kwa sababu mwenyewe alivunja sheria. Sasa wale waliopewa kulilinda walikuwa wanaliiba kipande kipande, mchana, huku wameshika kalamu.

Akatoa simu, akafungua ile video, akaongeza sauti mpaka mwisho. Akamshikia Gibson mbele ya uso. Injini ikasikika ikiwaka. Sauti ya Shadrack ikasikika ikisema betri ni mpya.

"Mama, video siyo mkataba."

"Sijasema ni mkataba. Nimesema angalia."

Kulikuwa na watu sita au saba yadini wakichukua magari yao. Wakaanza kusogea. Mmoja wao alikuwa Osward, mkulima wa mpunga kutoka Kamsamba, ambaye alikuwa ameshasaini pikapu yake na yuko karibu na geti. Aliitazama ile video hadi mwisho. Kisha akarudi kwenye pikapu, akafungua boneti, akaita watu waje waone. Betri aliyoikagua yeye ilikuwa nyekundu. Iliyokuwamo ilikuwa nyeusi, imeota kutu kwenye vichwa.

Hapo Gibson akapiga simu.

Bosi wake, yule dalali mwenye yadi, alifika kwa gari zuri, viatu vinang'aa. "Mama yangu, twende ofisini tuongee," akasema.

"Tuongee hapa hapa. Vitu viliibiwa hapa, siyo ofisini."

Bosi akamvuta Gibson pembeni. Baada ya nusu saa, vijana wawili wakaja wakivingirisha matairi manne kutoka nyuma ya stoo. Wakaleta tairi la akiba na betri mbili, ya Enesi na ya Osward.

"Tulivihifadhi kwa ajili ya usalama, visije vikaibiwa," bosi akasema.

Starta na jeki havikuonekana. Bosi akaomba Enesi afute video, asaini kwamba amepokea gari likiwa kamili, mambo yaishe. Enesi akaomba kalamu. Pembeni mwa fomu akaandika: *Nimepokea gari bila starta na bila jeki. Jumanne vilikuwapo.* Gibson akamwambia fomu haina nafasi ya kuandika maneno hayo.

"Mimi nimeipata," akasema, akasaini chini yake, akaipiga picha. Video hakuifuta.

Osward naye akaidai fomu yake, akaandika habari ya betri. Wale wengine hawakuandika kitu. Mmoja, mfanyabiashara wa Tunduma, alimfuata Enesi getini akamwambia kwa sauti ya chini kwamba gari lake pia limenyofolewa vifaa, lakini yeye hununua pale kila mwezi na hataki kugombana nao. Enesi akamuuliza, "Sasa kila mwezi unawalipa wakuibie?" Yule bwana akaangalia chini, akaondoka.

Baada ya Shadrack kuazima jeki na kufunga matairi na betri, walilisukuma kirikuu mpaka likawaka, wakaingia barabarani kati ya malori yaliyopanga foleni kwenda Zambia. Hawakulizima mpaka Ihanda.

Wiki iliyofuata Shadrack alinunua starta ya mtumba. Enesi akaandika barua ya malalamiko, akaambatanisha picha ya fomu, akaipeleka kwa wanaosimamia minada. Amerudi kuulizia mara tatu. Kila mara anaambiwa suala lake linashughulikiwa, na kila mara anayemwambia ni mtu mwingine. Yadi ile bado inatangaza minada.

Juzi nilikuwa kwao wakati Rubeni anamsihi aachane na hiyo safari ya nne.

"Mama Goodness, gari unalo. Linatembea. Mshukuru Mungu upumzike."

"Mungu namshukuru kila siku," Enesi akasema. "Lakini starta hakuichukua Mungu."

Rubeni akamwuliza atakwenda lini. Akasema Jumatatu, kwa sababu Jumamosi ana msiba wa kupikia Itumba na Jumapili lazima aoshe masufuria.