Dani Alipohamia Kiti cha Wateja

Siku yake ya kwanza kazini, Dani alitoka Homa Bay alfajiri, mvua ikamkuta njiani, akaingia ofisi ya mawakili ya Migori viatu vikiwa mkononi. Mwenye ofisi, mshirika mkuu ambaye wote walimwita Mzee, alimtazama miguu akasema kwa Kijaluo, "Nyar Homa Bay," yaani binti wa Homa Bay, "vaa viatu. Hapa tunakula kwa mirathi, si kwa jembe."

Dani ni nyanya yangu, mama mzaa baba. Ijumaa iliyopita alistaafu uwakili. Mimi mbele ya watu sisemi sana, lakini haya nitayasema, kama alivyonisimulia jikoni tukichambua mboga.

Mirathi ni kesi za kugawa mali ya marehemu. Mzee alimfundisha kuandika hati ya kiapo, yaani maelezo ambayo mtu anaapa ni ya kweli, na kumhimiza kila mteja aandike wosia mapema. Lakini ofisi yake mwenyewe hakuipangia mrithi. Alipofariki ghafla, wateja walichukua majalada yao wakatafuta mawakili wengine. Tawi la ofisi hiyo lililokuwa Homa Bay likafungwa. Dani alibaki Migori na meza tupu, akaanza upya.

Ndiyo maana yeye alijiandaa. Alimchagua Boke, wakili wa kutoka Ntimaru aliyefanya naye kazi miaka mingi, akampa kiti chake kikubwa. Yeye akahamia chumba cha pili. Hapo ndipo alipokosea. Wateja walimsalimia Boke vizuri, kisha wakapita moja kwa moja hadi kwa Dani.

"Huyo msichana hana shida," walisema, "lakini sisi tunataka mwenyewe."

Dani akaona ofisi ikifa mara ya pili. Basi akahamia kiti cha wateja. Kila aliyekuja, aliingia naye kwa Boke, akaketi kando ya mteja.

Siku moja akaja mwalimu mstaafu wa Suna, mwenye kesi ya shamba la baba yake. Akamgeukia Dani. "Sasa kortini tunaenda lini?"

"Muulize wakili."

"Kwani wewe ni nani?"

"Mimi nimekusindikiza tu, Japuonj," Dani akasema, akimwita mwalimu kwa Kijaluo.

Mwalimu akacheka. Lakini Dani hakuweza kujizuia, akaongeza kwamba hata wiki ijayo wanaweza kwenda.

"Hapana, Mama," Boke akasema. "Ndugu yake wa Isebania bado hajakubali mgao. Tukimruka, kesi itarudi mwanzo."

Kisha Dani akasema, "Kweli. Nilimsahau."

Mwalimu akamtazama Dani, akamtazama Boke, halafu akasogeza kiti chake karibu na meza. "Haya, wakili. Ndugu yangu ni mkaidi sana. Tuanzie wapi?"

Nilimuuliza Dani kama iliuma. "Iliuma kama kung'olewa jino," akasema. "Lakini jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, nilirudi nyumbani bila jalada mkononi."

Simu yake ikalia. Mteja. Mikono ya Dani ilikuwa imejaa mboga, akanisukumia kwa kiwiko, mimi ninayeogopa simu.

"Mwambie ampigie wakili."

Nikamwambia.