Ndono Ndani ya Kaseti

Baba yangu anapoteza masikio, na hapotezi kwa upole. Akiongea anapaza sauti kana kwamba sisi ndio hatusikii. Siku aliporudi kutoka hospitali ya Bariadi alisimama uani kwetu Nkololo akatangaza, majirani wakisikia bure: "Daktari kasema hili la kulia limeshafungwa, na la kushoto linafuata. Nileteeni sauti yangu kabla halijaondoka!"

Alikuwa ananiambia mimi. Na sauti aliyoitaka niliijua.

Baba alipiga kinanda cha kwaya miaka mingi, kikiwashwa kwa jenereta. Kilikuwa cha kidijitali, cha aina ya zamani, cheusi, chenye kioo kidogo cha maandishi na vitufe visivyoeleweka. Kilikuja na sauti zake za kiwandani, filimbi na kengele, lakini mwenye subira aliweza kutengeneza sauti yake mwenyewe ndani yake. Baba alizama humo msimu mzima wa palizi, pamba ikaliwa na magugu, mama akanuna, mpaka akaipata ndono.

Ndono ilikuwa ya babu. Ni upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu, na babu aliupiga akichunga ng'ombe. Kanisani haukukanyaga, wazee wa kanisa walisema ni mambo ya waganga. Baba akauingiza kwa mlango wa nyuma, kupitia kinanda. Hakuna aliyeshtuka. Mzee mmoja alimsifu kwamba kinubi cha kwenye Zaburi lazima kililia vile.

Halafu umeme ukafika kijijini. Ulifika kwa kishindo, ukaunguza kinanda na friji ya jirani siku hiyohiyo, na sauti ya baba ikaenda nacho.

Mimi natengeneza muziki kwa kompyuta pale mjini Bariadi: matangazo ya maduka, nyimbo za harusi. Nina programu inayoigiza kinanda kilekile. Kinatokea kwenye skrini na vitufe vyake vyote vya kuchorwa, na sauti za kiwandani zinalia kama zamani. Ndono tu ndiyo haimo, maana ile baba aliitengeneza kwa mikono yake. Nikaanza kuitafuta kwa kukumbuka. Kila nikienda Nkololo nilibeba kompyuta, kinanda kidogo cha kuchomeka na spika ya betri, na kila mara baba alibandika sikio la kushoto kwenye spika, akakunja uso, akasema, "Nyuki kwenye debe." Safari nyingine, "Pikipiki ya Lamadi." Nilikereka. Niliogopa pia, kwa sababu kila safari alisogeza spika karibu zaidi, na kila safari alichelewa zaidi kukunja uso.

Mama ndiye aliyenionea huruma. "Yaya, yaya," alikataa kwa Kisukuma akitikisa kichwa, "unahangaika nini? Si ipo kwenye kaseti?"

"Kaseti gani, mayu?"

"Ile ya mashetani."

Nilikaa chini. Vinanda vya aina ile vilikuwa na tundu la waya wa kuhifadhia sauti kwenye kaseti. Kinachorekodiwa si muziki. Ni mlio wa kukwaruza ambao mashine peke yake inauelewa. Kumbe baba aliwahi kuihifadhi ndono yake hivyo. Mama, akidhani ni mapambio, akaiweka redioni mbele ya mama mmoja wa kanisa. Ulipotoka mlio ule, mgeni alikemea pepo mpaka chai ikapoa. Lakini kwetu kaseti haikutupwa. Mama aliziba kwa karatasi vile vitundu vya juu vinavyozuia kaseti isirekodiwe tena, akarekodi harusi ya shangazi.

"Ukarekodi juu yake?" Nilimfokea mama yangu, jambo ambalo sifanyi.

"Kidogo tu. Mpaka bibi harusi alipoingia. Betri zikaisha."

Utepe ulikuwa umekunjamana. Redio ya mama ilikuwa na mkanda uliolegea, na nilijua inaweza kuimeza kaseti wakati wowote, kwa hiyo nilihesabu kwamba tuna nafasi moja tu. Niliunganisha waya kwenye kompyuta, nikabonyeza. Vigelegele. Ng'ombe wa mahari wakilia. Shangazi akicheka, Mungu amrehemu. Baba alikuwa amekaa mbele yetu, anatazama nyuso zetu. Kisha harusi ikakatika na mlio ukaingia katikati yake, na kompyuta ikaukataa: mwanzo haupo. Harusi ilikuwa imeula mwanzo.

"Inasemaje?" baba alipiga kelele. Mama akaangalia chini.

Mlio ukaisha. Utepe uliendelea kuzunguka kimya, na mimi nikashindwa hata kuuzima. Ndipo ukaanza tena, safari hii tangu mwanzo. Alikuwa ameirekodi mara mbili! Baba hajawahi kuamini kitu kwa mara moja; hata mlango wa zizi huufunga, akaenda, akarudi kuusukuma. Nilishika meza. Mlio ulipokoma, redio ilitoa mkwaruzo, ikaanza kuumeza utepe. Nikaichomoa, lakini kompyuta ilikuwa imeshapata ilichohitaji. Kwenye kile kioo cha kuchorwa ikatokea: NDONO.

Nikapiga. Mama akafunika mdomo kwa kanga.

Baba alikuwa ameinamia spika, sikio la kushoto likiigusa kabisa. Alisubiri. Akanitazama.

"Umewasha?"

Nikaongeza sauti mpaka kuku wakakimbia. Akaendelea kusubiri, amekaza macho. Nikaelewa kwamba la kushoto nalo lilikuwa limeshakwenda, na hakutuambia. Nilitaka kulia, na nikalia, vidole bado viko kwenye kinanda.

Baba aliichukua spika. Nilidhani anairudisha. Akafungua vifungo vya shati, akaiweka kifuani, upande wa kushoto, pale babu alipokuwa akiegemeza kibuyu, maana ndono hupigwa kibuyu kikiwa kifuani. Akatulia. Kisha akaanza kuitoa na kuirudisha, kuitoa na kuirudisha, kama babu alivyofanya, na sauti ikawa inafunguka na kufungika. Hicho ndicho nilichokuwa nakikosa miezi yote ile.

Akafumba macho. "Baba," alisema, na alisema polepole, kwa sauti ya chini ambayo hatukuwa tumeisikia kwake kwa muda mrefu, "mwadila, baba."

Alikuwa anamsalimia babu, na kwetu mgeni akisalimiwa hupewa kiti. Mama akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka kando ya baba. Mimi nikaendelea kupiga.