Rafiki Yangu Ameitangaza Mimba Yangu Ili Aende Madagaska

Admin, nifichie jina, na kanisa letu usilitaje kabisa.

Nina miaka thelathini na mbili, naishi Boko na mume wangu ambaye ni fundi umeme. Ndoa yetu ina miaka sita na hatujajaliwa mtoto. Mimba mbili zimeshaniharibikia. Ile ya pili mume wangu alikaa wiki nzima sahani inarudi jikoni kama ilivyoenda. Nikajiapiza kwamba nikishika tena, simwambii mtu yeyote, hata yeye, mpaka miezi mitatu ipite. Sikutaka nimpe furaha halafu nimnyang'anye tena.

Sasa mwaka huu kwaya yetu ikaalikwa Madagaska. Walichaguliwa watu kumi na wawili na mie nimo, maana ndiye ninayeongozaga nyimbo zetu nyingi. Tukaambiwa kila msafiri awe na kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, na sindano ichomwe siku kumi kabla ya kuondoka. Nikaenda kliniki na rafiki yangu, nimwite Happy. Yeye alikuwa msafiri wa akiba, mtu akikwama anaingia yeye. Huyu ndiye matroni wangu wa harusi. Mimba zote mbili zilipoharibika, yeye ndiye aliyefua mashuka yangu.

Nesi kabla ya kuchoma akaniuliza, "Mama, hedhi yako ya mwisho lini?" Nikaanza kuhesabu vidole, nikakwama. Akanipa kikopo nikapime mkojo. Ikatoka mistari miwili. Daktari akaniambia chanjo hii mjamzito hachomwi hivi hivi, akaniandikia barua ya kuonyesha kwamba nimesamehewa kwa sababu za kiafya. Kuhusu safari akasema, "Sikukatazi, ila huko kuna malaria. Ukienda, chandarua na dawa ya kupaka visikose. Uamuzi ni wako."

Happy alikuwa nje, ameshachomwa yake. Nikamwonyesha barua, nikalia begani kwake. Nikamwambia, "Happy, mume wangu hajui. Tafadhali." Akanijibu, "Shoga, hii nakufa nayo."

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, mwenyekiti wa kwaya akasimama. Akasema dada yetu hatasafiri tena kwa sababu ni mjamzito na hawezi kuchanjwa, nafasi yake inachukuliwa na Happy, kwa hiyo kanisa tumwombee mimba hii isiharibike kama zile nyingine.

Kama zile nyingine! Mbele ya kanisa zima! Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mume wangu alikuwa kakaa pembeni yangu. Hakupiga makofi. Alinigeukia taratibu akaniuliza, "Happy alijua kabla yangu?"

Alitoka ibada haijaisha.

Ibada ilipoisha nikamfuata Happy nje. Wala hakuona aibu. "Nimekuokoa," akaniambia. "Wewe ungeng'ang'ania kwenda, ukaumwa malaria huko, ukampoteza na huyu. Siku moja utanishukuru." Nikamuuliza, kama ni huruma, mbona hakuanza na mie, akakimbilia kwa mwenyekiti? Akasema nina hasira za mimba. Jioni akanitumia meseji, anaomba nimrekodie nyimbo zangu ajifunzie.

Mwalimu wa kwaya aliposikia kuna barua ya daktari akasema kumbe naweza kwenda, tiketi bado ina jina langu, mwisho wa kubadilisha ni Ijumaa. Mie nilishaamua kubaki, kwa ajili ya mtoto. Ila kila nikifikiria Happy anapanda ndege kwa siri yangu, moyo unaniambia nibebe barua yangu niende, akome.

Nikamwambia mume wangu. Amehamia chumba cha wageni tangu Jumapili ile. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nenda. Ila mimba ikiharibika huko usinipigie mie. Mpigie Happy."

Leo ni Jumatano. Ndugu zangu, huyu mume nimrudishe vipi? Na yule rafiki nimwachie aende na nafasi yangu, nimwangalie tu? Nishaurini, nifanye nini?