Chumvi Motoni

Kila asubuhi kabla ya chai, mwalimu wa kisomo aliyepanga kwetu alitupa punje za chumvi kwenye moto wa mama, akainama kutazama. Ndimi za moto zikawaka njano kali. "Chumvi imejitaja," alisema kwa sauti ndogo kama yuko kanisani. Mama, aliyeipangia foleni chumvi hiyo duka la ushirika, alimjibu, "Ingejitaja kwenye mboga, mwalimu." Vidole vya mwalimu vilikuwa vyeupe kwa chaki, na hata togwa isiyolevya alikuwa haonji. Darasani alitueleza kwamba wataalamu hutambua vitu vilivyo mbali kati ya nyota kwa namna hiyo hiyo, maana kila kimoja kina alama zake katika mwanga na mawimbi, na kwamba huko wameona wingu lenye pombe.

Wiki ile mgambo walimkamata jirani yetu mama Ghati na gongo, pombe kali iliyokatazwa. "Hata Mungu anapika huko juu," aliwaambia. "Muulizeni mwalimu." Mwenyekiti wa kijiji akamsimamisha mwalimu mkutanoni: akane habari ya lile wingu, au kazi imekwisha. "Sema tu ulikosea, mwalimu wetu," alimbembeleza, maana kusoma alifundishwa naye. Mwalimu akapangusa chaki vidoleni. "Kweli, mwenyekiti, nilikosea. Nilisema pombe. Ile ni spiriti, sawa na ya mama Ghati." Mama Ghati peke yake alipiga makofi. Mwalimu akavaa kofia, akatoka akashika njia ya kuhama kijiji, kuelekea Kisaka, wala hakurudi kuchukua chumvi ambayo mama, pamoja na kunung'unika kote, alikuwa amemtengea kwenye kisosi.